Uzi maalumu: Kuwa shabiki wa kudumu wa timu za chuo cha mji unaoishi Marekani, hata kama hukusoma pale

Jukwaa_la_Mashariki (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila Agosti ikikaribia swali linarudi: mtu kahamia mji wa chuo huku Marekani, Jumamosi anaona mji mzima umevaa rangi moja, anauliza aanzie wapi. Tuweke majibu hapa. Wenye kujua waongeze, nikikosea nisahihishwe.

Kwanza, ujue mji wako unaishi kwa mchezo gani. Ligi za kulipwa zimejazana kwenye majiji makubwa, kwingine kote chuo ndiyo timu. Nebraska haina timu hata moja ya ligi kuu za kulipwa, kwa hiyo Chuo Kikuu cha Nebraska pale Lincoln ni timu ya jimbo zima, na tiketi za uwanja wao wa mpira wa Kimarekani zinauzwa zote mfululizo tangu 1962. Ann Arbor, Michigan, ni mji wa watu laki moja na ushee, lakini uwanja wa chuo unabeba 107,601. Nenda Spokane, Washington, uulize habari za mpira wa Kimarekani wa Gonzaga uone utakavyoangaliwa: chuo kiliuacha mchezo huo baada ya msimu wa 1941. Pale ni kikapu, ukumbi wa watu 6,000, na tangu 1999 hawakosi mashindano ya taifa. Jezi utanunua baadaye.

Pili, daraja. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ina madaraja matatu tangu 1973. La I ndilo la televisheni na pesa. La II lina ufadhili wa masomo, ila mara nyingi wa vipande. La III halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Ndani ya Daraja la I, mpira wa Kimarekani peke yake umegawanywa tena: FBS juu, FCS chini. Ukiona Septemba mwanzoni timu ya FCS imekuja kwa timu ya FBS, mara nyingi imelipwa ije ipigwe. Ila si kila mara inakubali: 1 Septemba 2007 Appalachian State walienda hapo hapo Ann Arbor wakaondoka na 34–32.

Tatu, kalenda. Mwisho wa Agosti hadi Desemba ni mpira wa Kimarekani, voliboli na soka. Novemba hadi mwanzo wa Aprili ni kikapu, na mieleka humo humo. Katikati ya Februari hadi Juni ni besiboli na softiboli. Mwezi mkavu kweli kweli ni Julai.

Sasa ushauri ambao najua utaleta ubishi: usianze na mpira wa Kimarekani. Anza na voliboli ya wanawake. Mechi nyingi zinaisha ndani ya saa mbili, unakaa karibu kiasi cha kusikia kocha anavyomkaripia mpangaji (anayewapandishia wenzake mpira waupige), na kanuni utakuwa umeshazishika seti ya kwanza ikiisha: seti nne za mwanzo ni pointi 25, ya tano 15, lazima tofauti iwe mbili. Wachezaji utawajua kwa sura, maana hawavai helmeti. Na usije ukadhani ni mchezo wa kujazia ratiba. 30 Agosti 2023 Nebraska waliipeleka voliboli kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani, wakaingia watu 92,003.

---

Yadi_Kumi

Mkuu, kwenye voliboli nakupinga nusu. Kujifunza, sawa. Lakini mji unakutana kwenye mpira wa Kimarekani, na ukiukwepa huo Jumamosi utabaki peke yako barabarani. Si mgumu kama watu wanavyoutisha. Majaribio manne ya kusogea yadi 10; ukizipata unaanza upya, usipozipata mpira unaenda kwa mwenzako, ndiyo maana jaribio la nne huwa wanaupiga mbali. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani, ni 6; ukiipata unaongeza 1 kwa teke au 2 kwa kuingia tena. Teke la kupitisha katikati ya milingoti ni 3. Kumlaza mwenye mpira ndani ya eneo lake la mwisho ni 2.

Wanaopotea zaidi ni waliozoea ligi ya kulipwa. Tofauti za chuo ni hizi:

Mdakaji anahitaji mguu mmoja tu ndani ya mstari. Kwa wale wa kulipwa ni miwili.

Muda wa nyongeza hauna saa. Kila timu inapewa mpira kwenye yadi ya 25 ya mpinzani. Kuanzia nyongeza ya pili, ukifunga tachidauni lazima ujaribu pointi 2. Kuanzia ya tatu hakuna tena safari ya yadi 25, ni majaribio ya pointi 2 kwa zamu mpaka mmoja akwame.

Zamani saa ilisimama kila timu ilipopata yadi 10. Tangu 2023 inaendelea kukimbia, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Wazee wa jukwaani bado hawajazoea.

Na hili linawatoa jasho wageni: namba moja inaweza kuvaliwa na wachezaji wawili. Kikosi kinapita watu 99, kwa hiyo unakuta namba 7 wa kushambulia na namba 7 wa kulinda. Hawaruhusiwi kuwa uwanjani pamoja. Kabla hujamtukuza namba 7, angalia ni upande gani una mpira.

---

BiTiketi

Naomba niingie hapa, maana ndipo watu wanapoumia mfukoni.

Tiketi ya msimu ya mpira wa Kimarekani kwenye vyuo vikubwa huwa na bei mbili. Kuna bei ya tiketi yenyewe, na kuna mchango wa lazima kwa mfuko wa michezo wa chuo ili upewe haki ya kukinunua kile kiti. Tangazo huandika ya kwanza kwa herufi kubwa, ya pili unaikuta kwenye ramani ya viti. Maegesho ni ya tatu, yanauzwa peke yake. Jumlisha zote ndipo ugawe kwa idadi ya mechi za nyumbani. Kati ya mechi 12 za msimu, za nyumbani huwa 6 hadi 8. Na anayekwambia mchango ule unakatwa kwenye kodi anazungumzia mambo ya zamani. Tangu 2018 mchango unaokupa haki ya kiti haukatwi hata senti. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 80.

Mwenye nia ya kukaa miaka mingi azingatie pointi za kipaumbele. Vyuo vingi vinahesabu miaka uliyodumu bila kukatisha pamoja na pesa ulizochangia, kisha kila masika vinakuita kwa foleni hiyo kuchagua kiti kipya. Kosa la kawaida ni kununua kiti kizuri cha ghali mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu unashindwa kukilipia, unaachia, na miaka yako inafutika. Bora uchukue viti viwili vya bei ya chini kabisa kule pembeni juu, usikatishe, usogee taratibu. Kabla hujasaini, soma kifungu cha kurithisha: vyuo vingi vinaruhusu akaunti kwenda kwa mume au mke, kwa watoto si vyote.

Hutaki msimu mzima? Mechi za kikapu za Desemba na mwanzo wa Januari ndizo za kuwinda. Wanafunzi wako likizo, vyuo vingi huuza nafasi zao kwa umma, na unakaa chini pale ambapo Februari hupati hata kwa kubembeleza.

Jingine: saa ya mechi ya mpira wa Kimarekani inapangwa na televisheni, mara nyingi hutangazwa siku 12 kabla, wakati mwingine 6. Ukikata hoteli isiyorudisha pesa kwa kudhani mechi ni saa 6 mchana, ikahamishiwa saa 2 usiku, hiyo ni yako.

---

Mgeni_Njiani

Dada BiTiketi, na mwanafunzi akiniuzia tiketi yake ya jukwaa la wanafunzi?

---

BiTiketi

Usinunue kabla ya kuuliza ofisi ya tiketi, ndugu yangu. Vyuo vingi vinaiunganisha na kitambulisho cha mwanafunzi, mlangoni wanaskani vyote viwili. Vingine vinaruhusu kuibadilisha iwe ya umma kwa kulipa tofauti, lakini inafanywa kabla ya siku ya mechi. Pia picha ya skrini ya tiketi haifai. Misimbo mingi inabadilika kila sekunde chache. Itie kwenye pochi ya simu ukiwa bado nyumbani, kwa sababu watu 80,000 wakifika mlangoni mtandao unalala.

---

Kikapu_Tu

Mmesahau kuwa kikapu cha chuo si kile cha NBA. Wanaume wanacheza nusu mbili za dakika 20. Wanawake wanacheza robo nne za dakika 10 tangu msimu wa 2015–16. Saa ya kurusha ni sekunde 30. Faulo ya tano unatoka. Kwa wanaume, faulo ya saba ya timu ndani ya nusu inaanzisha mtupo wa masharti: ukikosa wa kwanza, wa pili hupewi. Faulo ya kumi ni mitupo miwili bila masharti. Ndiyo sababu dakika ya 12 ukumbi mzima unatazama ubao wa faulo na wewe unashangaa wanatazama nini.

Zamani namba za jezi zilikuwa tarakimu 0 hadi 5 tu, kwa sababu mwamuzi alimwonyesha mtu wa meza namba kwa vidole vya mikono miwili. Tangu 2023–24 ni 0 hadi 99. 

Anayetaka kujua timu yake ni nzuri au imebebwa na ratiba, asihesabu ushindi peke yake. Chukua karatasi ya takwimu baada ya mechi, hesabu umiliki, yaani mara ambazo timu ilikuwa na zamu ya mpira: mirusho, toa ribaundi za kushambulia, jumlisha mipira iliyopotezwa, jumlisha mitupo huru mara 0.475. Mfano: mirusho 58, toa ribaundi 10, inabaki 48. Jumlisha mipira 12 iliyopotea, 60. Mitupo huru 20 mara 0.475 ni 9.5. Jumla 69.5. Timu ikifunga 75, imepata pointi 1.08 hivi kwa kila umiliki, ni nzuri. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, mechi kumi tu, utaona kama tatizo ni ulinzi au ni mtu mmoja anayepoteza mipira.

Machi, yaani mashindano ya taifa ya kikapu, usiifanye ndiyo kipimo pekee. Mchujo wa mechi moja unaua yeyote. 16 Machi 2018 UMBC, waliopangwa nafasi ya 16, waliwapiga Virginia wa nafasi ya kwanza 74–54. Kwa wanaume ilikuwa mara ya kwanza. Upande wa wanawake Harvard walishawafanyia Stanford hivyo 1998, mnalisahau hilo kila mwaka. Virginia mwaka uliofuata wakachukua ubingwa. Shabiki aliyechana jezi 2018 alinunua nyingine.

---

Radi_na_Mvua

Upande wa uwanjani, kwa ufupi.

Begi: viwanja vingi vinataka plastiki inayoonyesha ndani, isizidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Kipochi cha mkono kisichoonyesha ndani kiwe kama inchi 4.5 kwa 6.5. Mkoba wa kawaida utarudishwa garini, na gari liko kilomita mbili.

Kiti: majukwaa mengi ni mabenchi ya alumini yenye namba zilizochorwa kila inchi 18 hivi. Septemba mnaenea. Novemba kila mtu ana koti, benchi haliwatoshi tena, anayechelewa ndiye anayesimama. Nunua mto wa kukalia, ila angalia kanuni, mingine yenye mikono inakatazwa. Baridi haianzii kichwani, inaanzia kwenye zege chini ya nyayo: beba kipande cha boksi, ukanyage hicho. Kinaonekana kichekesho hadi robo ya tatu.

Radi: ikipiga ndani ya maili 8, mechi inasimama na mnaambiwa mtoke jukwaani. Dakika 30 zinahesabiwa tangu radi ya mwisho, ikipiga nyingine zinaanza upya. Usitoke nje ya geti kukimbilia gari kabla hujauliza kama unaruhusiwa kurudi. Viwanja vingi ukitoka umetoka. Kaa chini ya ukumbi wa kupitia, chaji simu.

---

Mlango_wa_Nyuma

Nani anaeleza wachezaji kuhama? Hilo ndilo linalovunja watu moyo siku hizi. Unampenda kijana Novemba, Aprili yuko kwa watani.

---

Karani_wa_Jezi

Nalibeba mimi.

Lango la uhamisho, yaani orodha anayojiandikisha mchezaji anayetaka kuhama chuo, lilifunguliwa Oktoba 2018. Mwaka 2021 mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu, na 2024 hata ile "mara moja" ikaondolewa kwa anayetimiza masharti ya masomo. Tarehe 1 Julai 2021 wakaruhusiwa kulipwa na watu wa nje kwa jina na sura zao. Juni 2025 mahakama ikapitisha mapatano ambayo chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wachezaji wake, hadi karibu dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Mapatano hayo hayo yaliondoa ukomo wa ufadhili yakaweka ukomo wa kikosi: 105 mpira wa Kimarekani, 15 kikapu. Hapo ndipo wa nyumbani walipoumia. Kijana wa mji aliyekuwa anajiunga bila ufadhili, namba ya 118 kikosini, nafasi yake haipo tena.

Kwa shabiki maana yake ni hii. Jezi yenye jina la mchezaji ni nguo ya msimu mmoja. Sweta yenye jina la chuo unaivaa miaka kumi. Kikosi kisome upya mara tatu: Januari, Mei na Agosti. Mtazame kocha msaidizi anayehusika na usajili zaidi ya nyota. Kumbuka pia mchezaji aliyehifadhi mwaka (anakaa nje msimu mmoja ili usihesabiwe kwenye miaka yake ya kucheza), hawezi kucheza msimu huo hata mechi moja, kwa hiyo usimhesabu.

Pia, usimtumie ujumbe kijana wa sekondari kumshawishi aje chuoni kwenu, wala mzazi wake. Ukichangia mfuko wa michezo unahesabika kama mtu wa chuo, na mawasiliano yako ya usajili yanaweza kukiletea chuo adhabu. Mikataba ya nje inayofika dola 600 inapaswa kuripotiwa, kwa hiyo hata "zawadi" ya mwenye duka si jambo la kupeana mkononi kimya kimya.

---

Yadi_Kumi

Sahihisho dogo kwa Karani: kwenye mpira wa Kimarekani, tangu 2018 anaweza kucheza hadi mechi nne na mwaka wake ukabaki. Ndiyo maana Novemba unaona sura mpya ghafla timu ikiwa imeshapoteza matumaini.

---

Karani_wa_Jezi

Kweli kabisa, nimechanganya na kanuni ya zamani. Asante mkuu.

---

Daraja_la_Tatu

Kama chuo cha mji wako ni kidogo, usijione umepunjwa. Mount Union, pale Alliance, Ohio, wana ubingwa wa taifa 13 wa Daraja la III kwenye mpira wa Kimarekani. Hope na Calvin kule Michigan magharibi, kikapu chao kinajaza ukumbi kwa utani wa jadi ambao watu wa nje hawajawahi kuusikia. Hakuna mchango wa kiti, matangazo ya video mara nyingi yako kwenye tovuti ya chuo, na mchezaji mara nyingi anakaa miaka minne kwa sababu hakuna mtu wa kumnunua. Kwa anayetaka kuwaona wale wale kuanzia mwaka wa kwanza hadi mahafali, huku ndiko kwenyewe.

Tahadhari moja: ratiba. Mechi ya katikati ya wiki inaweza kuanza saa 11 jioni, besiboli ikihamishwa kwa mvua tangazo linatoka asubuhi ile ile. Angalia ukurasa wa timu kabla ya kutoka.

---

Mgeni_Njiani

Na nikihama mji? Hapo ndipo "wa kudumu" inapopimwa.

---

Jukwaa_la_Mashariki

Fanya mambo matatu kabla hujahama. Tafuta redio inayotangaza timu na uhakikishe inasikika mtandaoni. Mtangazaji wa nyumbani anajua majina na historia, yule wa televisheni ya taifa anajua nyota wawili. Redio na televisheni havitalingana, kwa hiyo simamisha kile kilichotangulia, kwa kawaida redio, mpaka mdundo wa mpira ukutane na sauti. Pili, angalia konferensi yenu, yaani kundi la vyuo mnavyocheza navyo kila msimu, inacheza wapi. Tangu Agosti 2024 Big Ten ina vyuo 18, kutoka New Jersey hadi Los Angeles, kwa hiyo popote utakapokwenda huenda timu yako ikapita jirani. Tatu, chama cha waliosoma pale kina matawi kwenye majiji mengi na huwa na sehemu maalumu ya kuangalia mechi. Vingi havikuulizi cheti, ingia na rangi sahihi tu. Sahihi kweli: buluu ya North Carolina na buluu ya Duke si buluu moja, na utaambiwa mlangoni.

Watani wa jadi nao wanahamishwa, zoea. Texas na Texas A&M hawakukutana kwenye mpira wa Kimarekani tangu 2011 hadi Novemba 2024. Oklahoma na Oklahoma State wamesimama tangu 2023.

---

Mgeni_Njiani

Swali la mwisho. Tunaenda Iowa City mwezi ujao, mechi ya kwanza kabisa. Kuna desturi ambayo nisipoijua nitaonekana mshamba?

---

Radi_na_Mvua

Ipo. Robo ya kwanza ikiisha usikimbilie chooni wala kununua soda. Jirani na uwanja wa Kinnick kuna hospitali ya watoto, na ghorofa zake za juu zinatazama ndani ya uwanja. Tangu 2017, robo ya kwanza inapokwisha uwanja mzima unasimama, unageukia madirisha yale na kupunga mkono, wachezaji na waamuzi wakiwemo. Watoto wanapunga kutoka juu. Kaa upande wenye kuliona jengo kama tiketi bado zipo, na mikono yote miwili iwe mitupu.